Miguu ya Mzee Shomvi

Hapo zamani, na msikilize vizuri maana mtaulizwa, tajiri mmoja aitwaye Mzee Shomvi alimwagiza mchoraji Chande picha ya kupamba sebule. Chande akamletea picha ya mzee aliyelala kitandani, kafunikwa shuka nyeupe, miguu nje. Mzee Shomvi akaitazama ile miguu. Lo, ni yake! Akaingia chumbani, akajilaza vilevile, akagoma kula.

"Nimeshatabiriwa kifo," akasema.

Siku ya tatu macho yalikuwa yamemtumbukia. Kusema kweli, alikuwa anaogopa kufa. Akatangaza: "Atakayenifasiria picha hii nikainuka, nikala, ng'ombe wangu wa maziwa ni wake."

Akaja Mbaruku, fundi cherehani. Akaipima shuka ya pichani kwa macho.

"Mzee, shuka ni fupi. Mtu hata awe na mali vipi, siku ya mwisho hawezi kujivutia shuka, hufunikwa na wenzake. Si wewe tu. Ni sisi sote."

Mzee Shomvi akalia kwa kwikwi, akaketi.

Akaja Bi Tatu, mwosha maiti. Akaisogelea picha mpaka pua ikaigusa.

"Wee Shomvi, usinichezee! Miaka thelathini nafunga maiti vidole vya miguu. Maiti hakunji vidole. Huyu kavikunja; ni mzima, anasikia baridi tu!"

Mzee Shomvi akacheka mpaka mbavu zikamuuma, akasimama.

Akaja Kidawa, mkewe, na bakuli la uji. Picha hakuitupia hata jicho.

"Mume wangu, mimi na picha wapi na wapi? Siku yako ikifika nitakuwa hapo ubavuni. Leo kunywa uji."

Mzee Shomvi akanywa, akaomba mwingine.

Ng'ombe akatolewa zizini, na ugomvi ukaanza.

"Mimi nilimketisha!"

"Mimi nilimsimamisha!"

"Mimi nilimlisha!"

Chande akaitwa aeleze picha yake. Akajikuna kichwa.

"Jamani, shuka ni fupi kwa sababu rangi nyeupe iliniishia. Na vidole vilivyonyooka sijui kuvichora. Lakini bila picha yangu, nani kati yenu angekuja kumtazama mzee huyu? Ng'ombe ni wangu."

Mzee Shomvi akabaki ameshika kamba, mikono minne imenyooshwa mbele yake, naye hajui ampe nani.

Haya, nyinyi mnaocheka: mngekuwa nyinyi Mzee Shomvi, kamba mngemkabidhi nani?