Madoa ya Kiwandani

Usinibinulie midomo kabla sijaanza. Unauliza fisi alipata wapi jaketi? Na wewe hilo lako ulizaliwa nalo? Basi nyamaza usikilize.

Mwaka huo mvua iligoma, bwawa la wanyama likabaki tope lililopasuka. Swala alikuwa na mtoto wa wiki tatu. Maziwa yalimkauka, na mtoto miguu ilikuwa haimbebi tena. Asipokunywa siku ile, basi.

Asubuhi akatokea Fisi. Alikuwa ameokota nguo kambini, watalii walipohama: buti, kofia, suruali ya mifuko kumi na miwili, mkanda wenye visu vitatu, filimbi, dira, na shanta kubwa mgongoni. Jaketi lilikuwa la madoadoa. Hebu fikiri! Mtu amezaliwa na madoa ya bure, anayafunika kwa madoa ya kiwandani, eti afanane na pori.

"Mimi sasa ni mtaalamu wa pori," akasema. "Maji nayajua yalipo."

"Si ulizaliwa hapa hapa, nyuma ya kile kichuguu?" Sungura akauliza.

"Kuzaliwa tu hakutoshi, mjomba. Una dira wewe?"

"Sina. Lakini maji yapo mtoni, chini ya mchanga, ng'ambo ya kile kichaka cha miiba ya kikwata. Tuchimbe pale mto unapokata kona."

Simba akamtazama juu hadi chini. "Mimi mfalme nimfuate mtu asiye hata na mkanda?" Kisha akamnong'oneza Fisi: "Kofia kama hiyo, ya kichwa changu inapatikana?"

Fisi akafungua shanta. "Mama Swala, mtie mtoto humu. Natangulia naye majini, nyinyi mje polepole." Mate yakamdondokea kwenye filimbi.

Swala akasita. Akavitazama vile vifungo vya shanta vinavyong'aa, akamtia mtoto. Mama mzima mwenye akili zake!

Sungura akaliangalia jaketi: halina hata uzi mmoja uliochomoka. Akajua hapa hakuna mtaalamu. Angebisha, Simba angemfukuza, kwa hiyo akasifu. "Tulikosea, mtaalamu. Jaketi hilo si linapita hata kwenye kikwata? Au linaogopa miiba?"

"Liogope nini?" Simba akadakia. "Ingia tukuone!"

Fisi angefanyaje, na mfalme anamtazama? Akaingia, shanta mgongoni na mtoto ndani. Miiba ya kikwata imepinda kama ndoana. Ikashika mfuko, ikashika kamba, ikashika mkanda, na kila akijivuta ikazidi kukaza. Hatua kumi hazikufika, akaning'inia kama nguo iliyoanikwa.

Swala akainama, akapenya chini ya matawi na ngozi yake tupu. Akang'ata kifungo cha shanta, akamtoa mwanawe.

"Vua utoke," Sungura akamwambia Fisi.

"Nikivua nitabaki nani?"

"Utabaki Fisi. Kwani ulikuwa nani?"

Hakuvua. Wakamwacha anapuliza filimbi, wakazunguka kichaka, wakachimba mchanga konani mwa mto. Mtoto wa Swala akanywa wa kwanza. Simba akanywa baada yake, macho chini, wala hakuuliza tena habari za kofia.

Na nyinyi mnaonunua buti za porini mkapigie nazo picha kwenye bustani, mwiba hauulizi jaketi limetoka duka gani. Nimechoka kuwaeleza watu wazima. Mimi natoka, na mlango naufunga.