Fundi Aliyegawa Jina Lake

Wapendwa, kabla hatujaingia kwenye somo, sogeeni mbele kidogo, mama mwenye mtoto apate pa kukaa, na simu zenu mzinyamazishe. Leo nazisengenya na sitaki zisikie.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, kule kwenye baridi, katika mji wa viazi na mbao. Alikuwa mtu wa moyo mwepesi sana. Ukimpelekea suruali ya kupunguza, anapunguza, na kifungo kilicholegea anakikaza bila kuambiwa. Ukipita na mzigo, anaacha cherehani yake anakuja kukutwisha. Watu wa namna hii tunao, tunawapenda, na mara nyingi tunawatumia mpaka wanachakaa.

Sasa ilipotoka amri kwamba kila laini ya simu isajiliwe kwa kitambulisho na alama ya kidole, fundi alikuwa miongoni mwa wachache ambao vitambulisho vyao vilikuwa vimeshatoka. Jirani mmoja akaja. "Fundi, changu bado hakijatoka, na mama yangu kijijini ananitafuta hanipati. Niwekee kidole." Fundi akaenda akaweka kidole. Akaja mwingine, kitambulisho chake kimepotea. Akaja mwingine tena, huyu kitambulisho anacho mfukoni, ila foleni ni ndefu. Fundi, kidole. Ikafika mahali wakala wa laini, aliyekaa na mwavuli wake pale stendi, akimwona tu fundi anavuka barabara, anaanza kufuta kile kidude cha kuchukulia alama.

"Ni kidole tu," fundi alizoea kusema. "Kidole hakipungui."

Sheria ilisema wazi kwamba laini aisajili yule anayeitumia. Lakini hata angekumbushwa, mnadhani angesikia? Mtu mwema akishazoea kusifiwa, sheria huiona kama roho mbaya. Basi akaendelea kugawa, huku anaitikia shukrani.

Bwana huyu alikuwa hajaoa, na umri ulikuwa unamchungulia. Alikuwa anampenda mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Mwalimu aliileta sketi ishonwe. Akarudi ibanwe. Akarudi iachiwe kidogo. Akarudi ibanwe tena. Sketi gani hiyo, jamani? Mwishowe wakaambiana ukweli, na fundi hakuwahi kuwa na furaha kama ile tangu azaliwe. Ikabaki posa.

Kwa desturi ya watu wa kule, siku ya posa muoaji anakwenda mwenyewe, lakini hafungui mdomo. Anakaa, anatazama chini, anakunywa chai. Anayesema ni mshenga. Mshenga akisema vizuri, muoaji ndiye amesema. Mshenga akiboronga, muoaji ndiye ameboronga. Kwa hiyo fundi akachagua kwa uangalifu. Akamchukua mzee mmoja wa kanisa, mgane, mtu mzito, mwenye koti zuri na ile sauti ya kusomea matangazo ya Jumapili.

Na aliyekuwa anawapokea, pamoja na wazee wachache wa ukoo, ni shangazi yake mwalimu. Wazazi wa mwalimu walishatangulia, shangazi ndiye aliyemlea na ndiye mwenye neno la mwisho. Alikuwa mjane, kiongozi wa kwaya ya kina mama, mwanamke ambaye hata mchungaji akikutana naye njiani anajipapasa kola kuona kama imekaa sawa.

Mshenga alianza vizuri. "Mama, tulikuwa tunapita zetu, tukaona moshi wa nyumba hii. Tukasema, penye moshi huu hapakosi wa kutuwashia na sisi jiko, maana kwetu kuna kijana analala na baridi."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Fundi alikuwa anatazama chini kama alivyofundishwa, na moyo wake unacheza ngoma. Shangazi akaweka kikombe mezani.

"Maneno yako matamu, mzee," akasema. "Ila kabla sijaitikia, nina jambo." Akatoa simu kwenye mkoba. "Kuna namba inaniandama. Asubuhi, 'Ua la moyo wangu, umeamkaje?' Jioni, 'Sauti yako kwenye kwaya imenikosesha hamu ya ugali.' Mwenyewe hajitaji. Jana nikafanya kama tunavyofanya wote."

Mnajua tunavyofanya wote, sivyo? Ukitaka kujua namba ni ya nani, unajifanya unaitumia hela, jina linatokea, unakatisha. Msinitazame kwa macho ya malaika, hata ninyi wa mstari wa mbele.

"Jina likatokea," shangazi akasema, na akalisoma lote, la kwanza, la baba na la ukoo. Lilikuwa jina la fundi.

Wazee wote wakamgeukia fundi. Nyuma ya pazia la jikoni, vikombe vilivyokuwa vinaoshwa vikanyamaza, na fundi alijua fika ni mikono ya nani iliyoacha kuosha. Hapo ndipo alipoona posa yake inamponyoka. Alitaka kupiga kelele, lakini desturi imemfunga mdomo. Akamgeukia mshenga wake kwa macho ya kuomba. Sema, mzee! Si ndiyo kazi yako?

Mshenga akakohoa. "Mama, huenda... huenda ni mtandao."

"Mtandao ndio unaoniita ua?"

"Siku hizi mitandao, mama, ina mambo."

"Mzee, wewe ndiye kinywa cha muoaji. Jibu."

Mzee akaushika mfuko wa koti, akauachia, akaushika tena. Baridi yote ile, na jasho linamtiririka. Fundi akaona akiendelea kuitii desturi atarudi nyumbani bila mke. Akasimama.

"Shangazi, nisamehe, nasema mwenyewe. Hiyo namba si yangu. Sijawahi kukuandikia neno. Jina ni langu kweli, ila laini nimewasajilia watu wengi."

"Watu gani?"

Fundi akafikiri. Aliwakumbuka baadhi. Akajaribu kuwakumbuka wengine, nyuso zikaja zikapita. "Wote siwakumbuki," akasema, na yeye mwenyewe akaona aibu jinsi ilivyosikika.

Shangazi hakupandisha sauti. "Mwanangu, unataka nikupe binti yangu alibebe jina lako mpaka kaburini. Na hilo jina lenyewe hujui liko kwa nani?"

Wapendwa, hilo ndilo swali la mfano huu, lishikeni. Fundi hakuiba, hakutukana, hakumdanganya mtu. Alikuwa mwema tu, kwa uzembe. Alisimama pale akihisi joto la aibu masikioni, na kitu kimoja tu kinamsumbua, kwamba mwalimu amesikia yote.

Na mwalimu alikuwa amesikia. Pazia likafunguka, akatoka na chupa ya chai, macho yamewaka. "Shangazi," akasema, "si uipigie tu?"

"Nimpigie mwanamume anayeniita ua? Mimi?"

"Basi lete, nitapiga mimi."

Akaichukua simu, akabonyeza, akaweka sauti ya wazi ili kila mtu asikie. Ikaita mara moja. Na pale pale, ndani ya chumba, kwaya ya kina mama ikapasuka kwa nguvu zake zote, sauti ya kwanza, ya pili, na kigelegele cha mwisho wa kiitikio. Ilikuwa inaimba ndani ya koti la mshenga.

Mzee akautupa mkono mfukoni aizime simu. Kwa haraka yake, badala ya kuzima akapokea. Akakohoa kwa mfadhaiko, na kikohozi chake kikatokea kwenye simu ya shangazi, kikubwa kuliko chenyewe.

Nani angejizuia? Mwalimu alicheka mpaka akaweka chupa chini. Wazee walicheka wakashikana mabega. Fundi alicheka machozi yakamtoka, na hakujua ni ya kicheko au ya kupona. Shangazi yeye hakucheka.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Ni mimi, mama." Sauti ya matangazo ilikuwa imekwisha, imebaki ya mtu. "Niliogopa. Nikasema ukikasirika, hutajua ni nani."

"Na huyu mwenzako? Umekaa hapo umeona anaaibika, kinywa chake ni wewe, ukaniambia ni mtandao?"

Mzee akainamisha kichwa. "Nilisahau kwamba jina hutokea."

Shangazi akatoa hukumu, na ilikuwa hukumu ya mama. "Wewe fundi, nenda ukalikusanye jina lako. Likirudi nyumbani lote, mje, chai itakuwepo. Na wewe mzee, kitambulisho unacho?"

"Ninacho, mama. Ni foleni tu ilikuwa ndefu."

"Kaipange."

Fundi alitoka pale kama amepewa mabawa. Kumbe simu yenyewe ukiiuliza vizuri inakuonyesha laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Akaziona, akashika kichwa, akaanza kuzifuata nyumba kwa nyumba. Kwa muuza samaki. Kwa mama ntilie. Kwa kijana wa bodaboda aliyekuwa amekwisha kumpa shemeji yake laini hiyo. Wengine walinung'unika. "Fundi, siku hizi umebadilika," mama ntilie akamwambia.

"Sijabadilika, dada. Naoa."

Basi kwa neno hilo kila mtu akalegea, maana nani atamzuilia mtu harusi? Wale ambao vitambulisho vyao vilikuwa vimepotea au bado havijatoka, akawasindikiza wakavishughulikie. Siku ya kusajili upya, foleni pale stendi ilikuwa kama ya sherehe, watu wanataniana, kila mmoja na kidole chake mwenyewe. Na mbele ya wote, koti limepigwa pasi, kidole kimeoshwa kwa sabuni, alisimama mzee wetu. Alipotoka pale akaandika ujumbe wake wa kwanza kwa laini yake, akaweka na jina chini. Shangazi akajibu siku hiyo hiyo: "Nimeliona jina. Sasa tafuta mshenga." Mnadhani alimtafuta nani? Fundi, bila shaka. Mwaka ule mji ulikula pilau mara mbili.

Mmecheka. Mmefanya vizuri, nyumba ya Mungu si nyumba ya kununa. Sasa niambieni, katika mfano huu sisi ni nani?

Najua mmeshajichagulia. Mnasema, sisi ni fundi, watu wema wenye moyo mwepesi, tunaosingiziwa bure. Hapana, ndugu zangu. Sisi ni yule mzee mwenye koti. Siku ulipobatizwa ulisajiliwa kwa jina ambalo si lako. Kuna Mmoja aliyeweka mkono wake, tena uliotobolewa, akasema, huyu aitwe kwa jina langu. Na tangu hapo tunatembea na laini ya Kristo mfukoni.

Tumeitumia kusema nini? Yule uliyemtukana kwenye kundi la mtaa, ukajificha nyuma ya akaunti yenye picha ya waridi, ulidhani hatajua ni nani? Ile habari mbaya ya binti wa watu uliyoisambaza, ukaandika chini "kama nilivyopokea", ulidhani hayo maneno ni mwavuli? Sheria ya nchi haiyajui. Itakuuliza wewe uliyebonyeza. Na mbinguni nako hatutaulizwa tulipokea nini, tutaulizwa tulituma nini. Tunasahau kama mzee alivyosahau. Jina hutokea! Jirani yako asiyesali hakutafuti kwenye daftari la ubatizo. Anasoma ulichoandika jana, anakumbuka Jumapili unabeba Biblia, na jina linalotokea mbele ya macho yake ni la Yesu. Yeye ndiye anayeaibika mbele za watu, na sisi tumekaa tunakunywa chai, tunasema ni mtandao.

Lakini sikieni habari njema, maana sikuja kuwahuzunisha. Fundi hakujua jina lake liko kwa nani. Bwana wetu anajua. Anawajua wote aliowapa, mmoja mmoja, hata wale wanaomtia aibu, na hajalifuta jina lake juu yao. Fundi alizunguka ili awanyang'anye. Bwana anazunguka nyumba kwa nyumba ili atuachie, tulitumie kwa heshima. Mungu gani mwingine ana moyo wa namna hiyo?

Basi mchana huu mtatoka hapa, na najua, kabla hamjafika getini simu zitakuwa mkononi. Sikatazi. Nawaomba jambo moja tu. Kabla hujabonyeza, soma ulichoandika, halafu weka jina la Yesu chini yake kama sahihi. Likikaa vizuri, tuma, tena tuma kwa watu wengi, wafurahi. Lisipokaa, futa, na Mungu akubariki kwa kufuta.