Kobe Mgongoni

Mama mmoja alikabidhiwa kobe.

Msicheke bado, akina mama, hatujafika. Alikuwa mtu kama sisi tuliokaa hapa: mume wa safari, kazi ya ofisini ya kugonga mihuri kutwa nzima, na mtoto mmoja wa kike wa darasa la kwanza, Sekela, ambaye asubuhi alianza kuongea kabla hajafumbua macho. Walikaa katika mji wa baridi huko milimani, ambako mwezi wa sita watu hulala na soksi.

Shule zilipokaribia kufungwa, mama naye akaomba likizo yake kazini. Alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia mwalimu aliwaambia watoto wachore mahali walipokwenda likizo. Wenzake wakachora ziwa, wakachora ng'ombe wa babu. Sekela akachora kochi. Na alilichora vizuri, hata tundu lake halikusahaulika. Mwalimu akalibandika ukutani, na siku ya kikao cha wazazi mama akakutana na kochi lake mbele ya watu. Akarudi nyumbani na ahadi: "Mwaka huu tutatoka. Utachora mpaka penseli ziishe."

Siku ileile shule ilipofungwa, jirani akaingia na beseni.

Jirani huyu alikuwa nesi mstaafu, mama mtu mzima, aliyefanya kazi wodini miaka thelathini na ushee bila mtu kumwona ameketi. Binti yake alikuwa amejifungua mkoa mwingine, naye alikuwa anakwenda kumtunza. Ndani ya beseni alikuwamo kobe, mkubwa kiasi cha kulijaza. Jina lake Bwana Afya, kwa sababu kila asubuhi alizunguka uani akikagua mitaro.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba, mwanangu. Nakukabidhi." Na kweli akamkabidhi vile manesi wanavyokabidhiana zamu. "Hali yake imetulia. Anakula. Choo amepata jana jioni. Asubuhi mkalishe kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi. Vuguvugu, siyo moto, pima kwa kiwiko. Kisha jua. Kisha majani ya mchunga, yaliyooshwa. Kila siku atoke nje atembee kwenye nyasi, akikaa ndani miguu inakaza. Na asilale chali hata dakika moja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Nesi."

"Rudia."

Mama akarudia. Sekela naye akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, na hakukosea popote.

"Nitapiga simu ya video kila siku saa kumi," Nesi akasema. "Nitataka kumwona."

Niambieni, nani kati yetu angelala usingizi na mali ya mtu kama huyo ndani ya nyumba?

Basi kila asubuhi sufuria ya maji ya moto iliposhuka jikoni, Bwana Afya alianza. Kiwiko, dakika kumi, taulo. Maji yaliyobaki yalikuwa yameshapoa, na hayo ndiyo aliyooga mtoto.

"Mama, baridi!"

"Vumilia. Kobe ana damu baridi, wewe una damu moto." Mama alisoma mpaka kidato cha nne, na baiolojia ndiyo iliyombeba.

Mtoto akashikwa mafua. Kwa bahati mbaya siku hiyohiyo kobe naye akapiga chafya, moja tu. Mnadhani nani alitafutiwa mtaalamu? Afisa mifugo alipigiwa simu mara mbili. Sekela akapewa limao.

Kutoka walitoka, tusimsingizie mama wa watu. Walikwenda uwanja wa mpira, wakaenda shambani kwa shangazi, wakaenda kuangalia reli. Lakini kila walikokwenda, Bwana Afya alikuwemo kwenye kikapu, na wakifika alishushwa kwenye nyasi, na mama akakaa akimkodolea macho kana kwamba ataota mabawa.

"Mama, niangalie!"

"Nakuona."

"Nimefanya nini?"

"Umefanya vizuri."

"Nimekaa tu."

"Umekaa vizuri."

Saa kumi simu iliita, na haikuchelewa hata siku moja. "Msogeze karibu. Geuza nione macho. Mguu wa nyuma wa kushoto, mbona anauburuta?" Katikati ya ukaguzi Sekela alikuwa akisukuma kichwa mbele ya simu: "Bibi! Bibi! Nimeng'oka jino!"

"Ee, mjukuu wangu! Hebu nione hilo pengo."

"Toka kwanza," mama akasema. "Bibi anamwangalia kobe."

Ilipobaki siku tatu Nesi arudi, mama akajipa moyo. Kobe mzima, anakula, choo anapata. Akasema sasa tufanye safari ya maana. Juu ya mji ule kuna bwawa la zamani nyuma ya msitu wa mikaratusi, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Wakafunga chapati, chai kwenye chupa, khanga ya kukalia, na Bwana Afya kikapuni. Wakafika, wakatandika, kobe akashushwa. Mama akamimina chai. Kumimina chai tu, jamani, kikombe kimoja. Alipoinua macho, nyasi zilikuwepo, kobe hayupo.

"Kobe yuko wapi?"

"Mama, mimi nime—"

"Usiniambie kitu! Kaa hapo juu ya khanga. Usisimame, usisogee, unaona maji yale pale. Usinyanyuke mpaka kobe apatikane. Umesikia?"

"Lakini Mama..." Sekela akanyoosha kidole kuelekea barabarani.

"Shusha mkono. Kaa!"

Mtoto akakaa.

Mama akaanzia ukingoni mwa bwawa, akipangua matete. Akapiga magoti matopeni. Palikuwa na wanawake wawili wanakata majani ya ng'ombe, wakamsogelea.

"Dada, umepoteza nini?"

"Kobe."

Wakatazamana. "Amekukimbia?"

"Ameondoka tu."

"Kwa mbio?"

"Mwache mama wa watu," mwenzake akasema. "Mshukuru Mungu hawakumpa sungura."

Wakacheka mpaka mmoja akaweka mundu chini, lakini walikuwa watu wema, wakaingia vichakani kumsaidia. Saa nzima ikapita. Mama kichwani hakuwa na kingine ila uso wa Nesi kwenye simu. Alifikiria kusema mtandao unasumbua. Lakini mtandao utasumbua mpaka lini? Alifikiria kusema kobe amelala. Nesi angesema mwamshe. Aliyaona macho ya Nesi yakimtazama wodini, yeye kitandani, siku atakayougua.

Hatimaye sauti ikatoka juu kabisa, kando ya barabara: "Dada! Mtu wako huyu hapa, anakula!"

Alikuwa chini ya kichaka, anatafuna, hana habari. Ni upande uleule alioonyesha mtoto, lakini nani alikuwa na muda wa vidole? Mama akatazama simu: saa tisa na dakika arobaini. Kikapu kilikuwa kimebaki kule chini. Kobe mzito. Akafungua kitenge alichojifunga kiunoni, akainama, akamtupia kobe mgongoni, akakaza fundo kifuani. Wale wanawake wakarudi kwenye majani yao. Bodaboda ikapita.

"Panda, mama," dereva akasema. "Nitakwenda taratibu, naona una kichanga."

"Twende tu."

"Wa kike au wa kiume?"

"Dume."

"Hongera sana. Ametulia, hata halii."

"Ndivyo alivyo."

Sasa hapa nisikilizeni, ninyi mliowahi kubeba. Mgongo ukishapata ule uzito na fundo likakaa kifuani, mwili wote hutulia. Huulizi tena. Hutazami nyuma, kwa sababu nyuma kumejaa. Mgongo wa yule mama ulimwambia, tumekamilika, twende nyumbani. Naye akauamini mgongo.

Alifika saa kumi kasoro dakika tano. Akamfungua Bwana Afya, akamfuta uso kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, akamweka mezani. Simu ikaita.

"Msogeze," Nesi akasema. "Geuza. Macho safi. Miguu safi. Ana tope kidogo, amefurahi huyo. Mwanangu, sikufichi, wewe ungefaa wodini."

Mama akacheka. Wiki tatu hakuwa amecheka vile, kwa kifua chote.

"Na mjukuu wangu?" Nesi akauliza. "Leo sijaona kichwa chake. Mwite nione jino limefika wapi."

"Seke..." mama akaita, akageuka.

Kochi tupu.

Alichokiona Nesi baada ya hapo ni dari. Aliita haloo, haloo, akaiona taa, akaona buibui, akasikia mlango ukigonga ukuta. Simu ilikuwa sakafuni. Bwana Afya, aliyesukumwa na kiwiko kilekile cha kupimia maji, alikuwa mezani chali, miguu juu, na mama hakugeuka kumtazama.

Alitoka na kandambili moja. Kwenye kona akamkuta yule dereva ameegesha pikipiki.

"Mama, mbona mbio? Kichanga umemwacha na nani?"

Swali gani hilo! Akapanda. "Kimbiza," akasema. "Kimbiza, kaka, kimbiza." Na njia nzima aliona kitu kimoja: maji. Maji yaliyotulia, khanga ukingoni, na hakuna mtu. Alijaribu kuomba, akashindwa kupata neno la kuanzia.

Wale wanawake walikuwa wameshaondoka. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mikaratusi na baridi ilishaanza kutoka bwawani. Sekela alikuwa pale. Katikati ya khanga, magoti pamoja, mikono juu ya magoti. Midomo imekauka. Chapati zilikuwa zimeliwa na siafu, na alikuwa ameziangalia zikiliwa. Alikuwa amejikojolea, kwa sababu aliambiwa asinyanyuke.

Hakulia. Alimtazama mama yake akiteremka na mguu mmoja peku, akamwuliza:

"Mmempata?"

"Tumempata," mama akasema.

"Basi naweza kusimama?"

Tuwaache hapo hao wawili, wana lao la kumaliza. Tuje kwetu.

Mmecheka, nami nimewaona, na si vibaya. Lakini yule mama msimwite mzembe. Mzembe angepoteza kobe siku ya kwanza. Yeye alikuwa mwaminifu kuliko wengi wetu, ila uaminifu wake wote aliupeleka kwa mtu anayepiga simu. Si ndivyo tulivyo? Bosi anapiga, tunapokea chakula kikiwa mdomoni. Mwenyekiti wa kikundi anapiga, tunasimama. Shemeji akituachia kuku wake wawili, tunawahesabu asubuhi na jioni. Mtoto je? Nani anapiga simu kuuliza habari za mtoto wako? Mungu aliyemweka mikononi mwako hajawahi kukuambia msogeze nione macho. Alikukabidhi, akakuamini, akanyamaza. Na sisi tumechukua ule ukimya wake tukaufanya ruhusa.

Halafu tuna tabia ya kusifu. "Wangu hana shida, huyo hata ukimsahau hasumbui." Dada, hana shida, au amekaa juu ya khanga anasubiri tupate kobe? Anayesumbua tunamwona. Anayetii ndiye tunayemwacha tukapanda bodaboda. Wengine hapa watoto wao wameshakuwa watu wazima, wako Dodoma, wako wapi sijui, na bado hawajaambiwa wasimame.

Sisemi mkatae kobe wa watu. Jirani ni jirani, na Nesi alimkuta wake mzima, ingawa Bwana Afya alikataa kutoa kichwa kwa siku mbili na Nesi alitaka maelezo. Pokea, tunza, osha majani. Lakini usiwe na mgongo uliojaa hata usijue aliyekosekana. Na usijifariji kwamba umechoka. Wote tumechoka. Yule mama alichoka, na uchovu wake ulikuwa wa kweli kabisa, na mtoto alikuwa bwawani vilevile.

Sasa sikilizeni. Tangu tuanze kipindi hiki, watoto wetu wako kwenye ngazi za nje. Tuliwaambia wakae, wasisogee, wasipige kelele mpaka tumalize. Nimesema hapa muda mrefu na sijamsikia hata mmoja. Jumapili iliyopita tulisema wamelelewa vizuri.

Leo kipindi hatutakifungia humu ndani. Nyanyukeni. Sala tutaisalia hukohuko nje, mbele yao, na tutasali macho wazi.