Chui Aliyengoja Wageni wa Msiba

Ngano inabisha hodi!

— Karibu ndani, viatu nje!

Inabisha tena!

— Karibu ndani, viatu nje!

Haya, imeingia. Lakini shemeji yangu Sechelela ameacha kumenya karanga, ananitazama kwa jicho la pembeni.

"Shemeji Chibago, ngano mchana kweupe? Kwetu anayesimulia ngano mchana huota pembe."

"Ziote tu, shemeji. Miaka arobaini nimewinda wenye pembe, nami nionje. Wewe menya karanga. Mvua ikikatika tunataka mbegu shambani."

Basi. Hapo kale palikuwa na Chui, fundi wa kuwinda. Alikuwa na nguvu, alikuwa na meno, na alikuwa na tumbo lisilojua kusema imetosha. Akila swala, anamtaka kuro. Akila kuro, anamtaka tandala. Juu ya mgunga wake alikuwa ametundika nyama, paja huku, ubavu kule, na bado kila asubuhi alitoka kutafuta nyingine.

Karibu na mgunga ule palikuwa na kichaka cha miiba, na humo waliishi Digidigi wawili, mume na mke. Digidigi mnamjua. Hafiki gotini kwangu, macho makubwa, pua ndefu inayochezacheza. Huishi wawili wawili, mume na mke, na mtoto akishakua huambiwa akatafute kwake. Tena wana desturi yao moja: hawaendi choo ovyo ovyo. Wana mahali pao pamoja, na kila siku hurudi palepale, juu ya lundo lilelile. Mume anaweka, mke anaweka. Jirani akipita akiliona lundo, anajua hapa pana wenyewe.

Mwindaji akishalijua jambo hilo, hana haja ya kuhangaika na nyayo. Anatafuta lundo, anakaa. Mimi nilipofundishwa nilifurahi siku nzima. Leo najuta kwamba nililijua.

Chui naye alilijua. Asubuhi moja akaja, nyata, nyata, nyata. Akachota vumbi kwa ukucha, akalirusha juu: fuu! Vumbi likamrudia usoni. Hapo ndipo pazuri. Upepo ukikupiga usoni, mnyama hakunusi. Ukikupiga kisogoni, rudi nyumbani ukalale, maana hata kobe atakukimbia. Chui akajilaza kwenye majani, tulii.

Mume akaja kwenye lundo. Mke alikuwa nyuma kidogo.

Puu!

Mke akaruka ndani ya miiba. Ziki! Ziki! Ziki! Hiyo ndiyo sauti yao ya hatari, hutoka puani. Akaita mara tatu, na mumewe hakujibu.

Chui akammaliza kwa matonge mawili, akajilamba. Lakini hakuondoka. Akajilaza palepale kando ya lundo, maana fundi yeyote anajua: ukimpata mmoja, usikimbilie nyumbani. Kaa. Mwenzake atarudi. Aende wapi?

Na kweli, mke hakuwa na pa kwenda. Kila kichaka kina wenyewe, na kila lundo lina wenyewe. Akihama, atafukuzwa. Akirudi kwenye lundo, ataliwa. Hata kumlilia mumewe alikuwa hajamlilia. Akafikiri. Akavuta pua. Akaita kutoka ndani ya miiba, mahali ambapo Chui hawezi kuingia bila kuacha ngozi.

"Fundi!"

"Nani?"

"Ni mimi, mjane."

"Toka basi, bibie, nikupeleke aliko mumeo."

"Nitatoka, Fundi. Lakini nimjue kwanza anayeniua. Nifundishe kidogo, nife na akili."

Mkia wa Chui ukapiga chini: pa! pa! Hakuna mwindaji anayeweza kulikataa ombi hilo. Mimi mwenyewe, mtu akiniuliza nilimpataje yule tandala wa bondeni, namsimulia hadi ugali wangu unapoa.

"Uliza," akasema Chui.

"Upepo unaujuaje?"

"Narusha vumbi."

"Wee, Fundi!"

"Eeh."

"Na swala akishtuka akakimbia, unamfukuza?"

"Nimfukuze ili iweje? Swala akikimbia, mbele kidogo husimama, akageuka kutazama kilichomtisha. Hapo hunikuta niko tayari."

"Wee, Fundi!"

"Eeh."

"Na kazi iliyo ngumu kuliko zote?"

"Kungoja. Uwindaji ni kungoja, bibie. Hukohoi, hujikuni, huli, hutikisi hata sikio."

"Wee, Fundi! Wee, Fundi kabisa!"

Chui akafumba macho kwa utamu wa kusifiwa. Mke akasema kwa sauti ya chini, "Sasa Fundi mzima kama wewe unaningoja mimi? Mimi mifupa na ngozi? Si ungoje wageni."

"Wageni gani?"

"Wa msiba. Mume wangu amekufa, ndugu zake watakosa kuja kumlilia? Watakuja hapahapa kwenye lundo lake. Kaka zake saba na wake zao, wote wanono, wanatoka mbugani kwenye majani ya chumvi. Lakini wana pua kali. Ukila chochote, watainusa pumzi yako. Ukiinuka kwenda mgungani, watasikia hatua."

Chui akahesabu. Saba na saba, kumi na wanne. Tumbo likanguruma: nguruu!

"Watafika lini?"

"Wanatoka mbali, Fundi. Ngoja tu."

Chui akangoja. Jua likatoka, jua likazama. Asubuhi mke akapiga mluzi: Ziki! "Fundi, wamefika kisimani. Usitikise sikio."

Hakutikisa sikio.

Jua likatoka, jua likazama. Ziki! "Fundi, wanapumzika korongoni. Mmoja ana mimba, wanamngojea. Usitikise sikio."

Hakutikisa sikio. Huku juu ya mgunga tumbusi wakatua, wa! wa! wa! Paja likaenda. Chui akaliona likienda. Akasema moyoni, nikiinuka nitapoteza kumi na wanne kwa ajili ya paja moja. Akalamba umande, akatulia.

Jua likatoka, jua likazama. Ziki! "Fundi, wanabishana nani atangulie kulia. Usitikise sikio."

Hakutikisa sikio. Ubavu ukaanguka kutoka mtini, pwata! Fisi akaja, akaubeba, akacheka na kuaga. Chui akatokwa na machozi, lakini hakukohoa.

"Huyu Chui mjinga," anasema Sechelela.

"Si mjinga, shemeji. Mwindaji yeyote angengoja. Mimi niliwahi kungoja siku tatu."

"Ukingoja nini?"

"Menya karanga."

Ikafika siku ya saba. Mbavu za Chui zikawa zinahesabika. Na siku zote hizo mke alikuwa akijisaidia ndani ya miiba, kwa aibu, jambo ambalo mama yake na bibi yake hawakulifanya hata siku moja. Asubuhi ile akatoka. Chakari, chakari, chakari kwenye majani makavu. Hakunyata. Akasimama mbele ya Chui, hatua mbili.

Chui akataka kuruka. Miguu ikakataa. Akataka kunguruma, ikatoka pumzi tupu: hhh.

Mke akampita, akapanda juu ya lundo, akageuza mgongo na kufanya haja yake pale alipozoea mumewe. Tapu, tapu, tapu. Nyingine ikamdondokea Chui kwenye kucha.

"Wageni wako wapi?" Chui akauliza.

"Hakuna wageni, Fundi."

"Kaka saba?"

"Digidigi huishi wawili. Mume na mke. Na wewe ulijua, ndiyo maana ulilala hapa."

Chui akafikiri. Kweli alijua. Alilijua tangu ananyonya, na lilimpatia nyama miaka yote. Hesabu ya kumi na wanne ndiyo iliyomsahaulisha ile ya wawili.

"Najuta," akasema Chui.

"Unajutia nini?"

"Ningekula lile paja kwanza."

Mke akashuka kwenye lundo. "Mimi pia najuta," akasema. "Siku ile ilikuwa zamu yangu kutangulia. Nilikuwa nimepata machipukizi mabichi, matamu. Nikamwambia mume wangu, tangulia wewe, mimi namalizia."

Chui akainuka kwa shida. Akajikokota, tumbo linaburuza chini, hadi upande wa pili wa mlima. Wanasema aliishi kwa panzi na panya, na kila panya aliyekamatwa alimwambia, "Fundi, ngoja kidogo, nina ndugu zangu wanakuja," naye akamla mdomo ukiwa bado wazi.

Wanyama wakaja kumsifu mjane. Swala wakaja, kuro wakaja, hata tandala aliinama kumpa mkono. Wakasema, wewe mdogo umemshinda mkubwa. Akawashukuru. Kulipokucha akaenda kwenye lundo, akaita mara moja: Ziki! Akategea sikio upande ambao mumewe alizoea kutokea. Kisha akarudi kichakani. Kesho yake akaenda tena, akaita tena. Ujanja wote ule ulimtoa Chui, haukumrudisha mume.

Sechelela ameweka ungo chini. Wengine nao mmesogea karibu, mvua inapiga bati.

"Shemeji," ananiita. "Zile siku tatu zako ulikuwa unangoja nini?"

Nilitaka kumwambia tena amenye karanga. Lakini ungo tayari uko chini.

"Nilimpiga digidigi jike," namwambia. "Mjomba wangu Matonya ndiye aliyenifunza kazi, naye aliniambia usiondoke, dume litarudi. Nikakaa. Siku ya kwanza halikuja. Siku ya pili nikalisikia mbali, ziki, ziki, linaita. Siku ya tatu likaja. Upepo ulikuwa usoni kwangu, kila kitu kilikuwa sawasawa. Likapanda lundo, likanusa, likainua kichwa na kunitazama. Kwa ukaribu ule lazima liliniona, shemeji, na halikukimbia."

"Ukapiga?"

"Nikapiga. Nilikuwa kijana, nilikuwa na upinde mpya, na mjomba angeniuliza. Nyama ya wote wawili haikujaza sufuria. Dada yako akapika. Wakati wa kupakua akaniuliza, walikuwa wawili? Nikasema ndiyo. Akafunika sufuria, akaenda kukaa nje. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza."

Sechelela anaokota karanga moja, anaiweka kwenye ungo. Dada yake, mke wangu, tulimzika mwaka juzi, karanga zikiwa hazijang'olewa. Kila asubuhi naingia jikoni kwake, nakaa kwenye kile kigoda, siwashi moto wala sipiki. Wanangu wananiuliza, baba, unafanya nini humo? Siwajibu. Nikishakaa kidogo natoka, na kesho yake miguu inanipeleka tena palepale.

"Haya, na funzo je?" Sechelela ananiuliza, anafuta jicho kwa ncha ya kanga. "Ngano haiishi bila funzo."

"Funzo lipo. Wageni wa msiba wakichelewa, kula kwanza."

"Hilo tu?"

"Na lingine. Siri za uwindaji asiambiwe mtu. Ndiyo maana mimi leo sikuwaambia hata moja."

Sasa mnacheka. Chekeni, mimi nimalize.

Ngano inaaga!

— Ipewe viatu vyake!

Inaaga tena!

— Ipewe viatu vyake, na isiteleze uani!

Imekwenda. Na hizo pembe, shemeji, zikiota naomba ziwe fupi, za kidole, kama za lile dume. Zikiwa kubwa za tandala sitazistahili.

Sechelela ananyoosha mkono wenye vumbi la karanga, ananipapasa kichwani, upande huu, na upande huu.

"Bado," anasema. "Kesho asubuhi nitakuja jikoni kwa dada niangalie tena. Nitawasha na moto."