Jani la Isale na Magari Mawili

Mtu mmoja alikuwa na gari la zamani la Kimarekani, la milango miwili, lenye injini ya kutosha lori. Mtu huyo jina lake Aminieli. Alilinunua enzi za ubaharia, alipokuwa bado na nywele. Desemba moja alipanda nalo hadi Marangu kwa mama yake, kama Wachagga wote warudivyo nyumbani mwisho wa mwaka, akashindwa kutoka ndani. Kiti kiko chini, magoti yamechoka. Majirani wawili walimvuta kwapani, suruali ikapasuka nyuma mbele ya mashemeji.

Mdogo wake, Ndekirwa, alikuja na gari jipya, refu, la watu saba, linalomwambia dereva pa kukata kona. "Kaka, kwangu mtu anashuka," alisema, "havuliwi kama samaki."

Mama yao alikuwa na haja moja tu. Dada yake alikuwa mahututi kijiji cha juu, na walikuwa hawajasemezana miaka kumi na minne. Alikwisha kuchuma jani la isale, lile ambalo Mchagga akikuletea kuomba radhi, hulikatai. Akakaa barazani amejifunga kitenge, akisubiri kupelekwa.

Wana wakabaki uani wakibishana gari lipi limpeleke. Aminieli akasema lake halitishwi na mlima. Mwingine akasema la kwake lina kiti cha kupasha mgongo joto. Boneti zikafunguliwa. Majirani wakaja na pombe yao ya mbege, wakagawanyika pande mbili. Aminieli akakanyaga mafuta, kuku wakakimbilia migombani.

Lakini moyoni alijua. Mama asingeweza kuinama aingie kwenye gari ambalo hata yeye Aminieli alitolewa ndani yake kwa kuvutwa. Alikuwa amechoka na ule mngurumo, amechoka kushinda mashindano ambayo hakuna aliyeyaitisha. Kusema "mpeleke wewe" kulimchukua asubuhi nzima.

Alipokuja kulisema neno hilo, baraza lilikuwa tupu.

Saa nane mchana mama aliteremka kwa miguu kutoka kijiji cha juu, vumbi hadi magotini, jani la isale likiwa bado mkononi, limenyauka. Wote wawili wakawasha magari, kila mmoja akamfungulia mlango wa lake.

"Zimeni hayo magari," akasema. "Hakuna tena wa kumuwahi."