Maji ya Kumkandia Rozalia

Mtu mwenye hasira husikia kila kitu ila kile anachoambiwa. Ndiyo maana wahenga wakasema hasira hasara, na kama yupo anayedhani walikuwa wanatania, aende Mufindi akamwone Vitus.

Vitus alikuwa msimamizi wa wakata magogo katika misitu ya misonobari. Aliishi humo humo msituni ndani ya tela, nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari, yenye kitanda, jiko na hita ya gesi ya kuchemshia maji. Mkewe Rozalia alipojifungua mtoto wao wa kwanza, Aroni, mama mzazi wa Rozalia, Faustina, alitaka kumpeleka nyumbani kwake Kalenga, karibu na Iringa, akamlee uzazi, kama ilivyo desturi. Vitus akakataa katakata.

"Mama, njoo wewe huku," alimsihi. "Maji ya moto ya kumkanda hayatakosekana. Nakuahidi."

Mama akakubali, akaja na kanga zake na unga wa ulezi.

Hita ilikuwa kuukuu, lakini ilifanya kazi. Maji yalipopata moto, valvu yake ya usalama ilidondosha matone nje, karibu na mlango. Fundi aliyewauzia tela aliwaeleza wote wawili: maji yakipata moto hutanuka, hivyo valvu lazima ipumue; ikizibwa, tangi litapasuka. Vitus aliyasikia hayo kwa masikio yake mwenyewe.

Asubuhi moja alirudi kutoka kazini amefura, maana bosi alikuwa amemkaripia mbele ya vijana wake. Pale mlangoni akakanyaga tope la matone, akateleza, akaanguka chali. Sijui tope lilimkosea nini. Watu wa aina hii wakishindwa kumjibu bosi, huja kupigana na vyombo vya nyumbani.

"Leo hili dude litanitambua!" akafoka. Akachonga kigingi cha msonobari, akakigongomea kwenye mdomo wa valvu, kisha akakikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kwetu tyubu hufunga kila kitu, kuanzia mzigo wa kuni hadi mguu wa kiti.

"Baba Aroni, usizibe! Fundi alisemaje?" Rozalia akapiga kelele.

"Nyamaza! Hii nyumba ni ya fundi au ya kwangu?"

Akaingia ndani, akafungulia gesi mpaka mwisho. Mama Faustina, ambaye heshima ya ukwe ilimzuia kumkemea, alimbeba mjukuu aliyekuwa amelala kitandani na kumshika binti yake mkono. "Twende tukaote jua," akasema.

Walikuwa wangali juani tangi lilipopasuka kwa kishindo. Maji ya moto yakafurika kitandani, pale pale alipokuwa amelala mtoto. Vitus akatoka mbio akipiga mayowe, mkono umebabuka.

Mama Faustina alimmwagia maji baridi mkononi kwanza. Kisha heshima ikamwishia.

"Uliniahidi maji ya moto," alisema kwa ghadhabu, "kumbe ya kumuunguza mjukuu wangu! Rozalia, funga mizigo."

"Mama, nisamehe. Nitanunua hita nyingine."

"Nunua. Ukoge wewe."

Jioni hiyo gari la Iringa liliwachukua mama mkwe, mke na mtoto. Vitus akabaki na godoro lililolowa na mkono uliofungwa kitambaa. Kigingi chake kilikuwa bado kwenye valvu, kimekaza barabara, hakidondoshi hata tone. Hasira, hasara.