Nguzo Nne za Tangi

Mwanamke mmoja alikuwa na ufunguo wa tangi la maji. Jina lake Mwanakombo, na ufunguo aliurithi kwa baba yake, fundi mwashi aliyeheshimika katika kijiji chao cha wavuna chumvi. Tangi lilikuwa la zege, limekaa juu ya nguzo nne, na kila mtaa ulikuwa umejenga nguzo yake. Ile ya mtaa wa Mwanakombo aliisimamia baba yake, ikaitwa kwa jina lake. Visima vya pale vyote ni vya maji chumvi. Bila tangi lile, lililojazwa maji ya mto, kijiji kingehama.

Walikuwa na desturi. Kila mwaka, siku mbili kabla ya sikukuu, kila mtaa uliipaka nguzo yake chokaa, wakishindana ya nani inang'aa zaidi. Ufa ukionekana, ulizibwa kwa lipu alfajiri, kabla majirani hawajaamka. Doa la kutu likichomoza, lilipigwa chokaa mara mbili. Walikuwa hodari, jamani! Kwa miaka arobaini nguzo zile zilipendeza kama maharusi, na kwa miaka hiyo hiyo nondo za chuma zilikuwa zikiliwa na kutu ndani kimya kimya.

Mwaka mmoja kipande cha zege kikubwa kama mtungi kilibanduka kwenye nguzo ya mtaa wa Mwanakombo, kikaanguka pale wanawake wanapopanga ndoo. Hakikumpata mtu. Mkutano ukaitwa. Wengi walitaka tangi libomolewe lote, ingawa hakuna aliyejua jingine lingejengwa lini. Fundi Chilumba, aliyeitwa kutoka bara, alizigonga nguzo zote kwa nyundo ndogo akitega sikio. Akasema zege la ndani bado lina nguvu, na kubomoa kinachoweza kupona ni dhambi. Lakini lipu yote ibanduliwe mpaka nondo zionekane, na kila mtaa useme ulichanganya nini kwenye zege lake. Watu wakainamisha vichwa. Hakuna mtaa uliotaka kuvuliwa nguo mbele ya mingine.

Mwanakombo aliinama kuliko wote. Mwaka ule wa ujenzi alikuwa na umri wa miaka tisa. Mto wenye mchanga usio na chumvi ulikuwa mbali, sikukuu ilikuwa karibu, na baba yake alitaka mtaa wake uwe wa kwanza kumaliza. Basi chumvi iliyokuwa ikizila nondo haikuja na upepo tu. Ilitiwa ndani siku ya kwanza. Alilijua hilo maisha yake yote akanyamaza, maana jina jema la baba yake ndilo lililokuwa fahari yake. Sasa akazitazama ndoo zilizopangwa chini ya nguzo. Akainuka, akaichukua nyundo mkononi mwa fundi.

"Anzeni na yetu," alisema. "Mchanga wake ni wa pwani. Niliubeba mwenyewe kichwani, na baba alijua."

Akapiga pigo la kwanza. Lipu ikaporomoka, kutu ikaonekana mbele ya kijiji kizima, na hakuna aliyecheka. Mzee wa mtaa wa pili akakohoa kidogo, akakiri kwamba wao walikoroga zege lao kwa maji ya kisima. Mtaa wa tatu ukakiri, na wa nne. Kufikia jioni nguzo zote nne zilikuwa wazi.

Tangi likamwagwa maji na kushikiliwa kwa magogo, na kwa miezi mitatu walichota mtoni. Zege lililooza likachongwa. Nondo zikasuguliwa mpaka zikang'aa, na zilizokonda zikaongezewa nyingine. Chumvi yote haitoki, fundi aliwaambia. Kwa hiyo alifunga vipande vya zinki kwenye nondo, ili kutu iile zinki kwanza na kuziacha nondo, na zinki ikiisha ifungwe nyingine. Kisha wakaziba kwa zege la mchanga wa mtoni, saruji yake imechanganywa na majivu ya pumba za mpunga waliyozoea kuyatupa, ili chumvi isipenye kirahisi.

Siku maji yalipopanda tena, vigelegele vilisikika mpaka kwenye mashamba ya chumvi. Tangi lilijaa, na nguzo hazikutikisika. Mwanakombo alifungua bomba kwa ufunguo wake, akalia kwa furaha bila kujificha. Nguzo ile bado inaitwa kwa jina la baba yake, na sasa akilisikia hashtuki.

Chokaa hawapaki tena. Kila sikukuu huzigonga nguzo kwa nyundo, na mtaa utakaokuwa wa kwanza kutangaza ufa wake ndio unaochota maji kwanza.

Nanyi mnaonisikiliza, mliopendeza hivi leo: ni nani kati yenu amewahi kupagonga pale anapopapaka chokaa kila mwaka?